Zana za bure za tovuti: funguo anazo nani?



Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana waliomaliza sekondari kama mimi ni hili: "Kaka, nataka kuanza kutengeneza tovuti kama deiwaka, nipe programu za bure." Orodha za namna hiyo zimejaa tele mtandaoni. Zana 50 za bure, zana 100 za bure, chukua usilipe hata senti. Ukirudi baada ya miaka miwili nusu ya viungo vimekufa, na nusu nyingine inadai kadi ya benki. Kwa hiyo zana nitazitaja, msiwe na wasiwasi, ila kwanza tuulizane: hicho cha bure, funguo zake anazo nani?

Tuanzie karibu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa Tanzania nzima na ikachukua siku kadhaa kurudi. Siku zile kuna watu walipoteza ndugu zao, na sithubutu kuweka msiba huo kwenye mzani mmoja na kazi za kompyuta. Naongelea kipande kidogo tu kinachotuhusu hapa. Mtu mwenye mteja wa nje, ambaye michoro yake yote iko Figma, mabango yako Canva, maandishi yako Google Docs, alikuwa na nini mkononi siku zile? Alikuwa na kompyuta inayowaka. Basi. Mteja wa Ulaya hajui kwa nini umenyamaza, anachojua ni kwamba umenyamaza, na kwenye soko hili kunyamaza siku nne tano ni sawa na kukimbia na pesa ya mtu.

Na msidhani ni siasa tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa mpigo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Safari ile hakuna mkubwa aliyebonyeza kitufe. Waya umekatika chini ya bahari, sisi huku tunaangalia kiduara kinazunguka. Seacom ilipofika Dar mwaka 2009 tuliambiwa mambo ya kusubiri ukurasa ufunguke yamekwisha. Yalipungua kweli, ila ndipo tulipoanza kuweka kila kitu upande wa pili wa waya.

Sasa tuje kwenye hilo neno bure. Mimi naona kuna bure mbili. Kuna bure ya kukaribishwa na kuna bure ya kupewa. Figma na Canva ni bure ya kukaribishwa: umekaa sebuleni kwa watu, unakunywa chai yao, na wahenga walishasema mgeni siku ya tatu anapewa nini. Siwasemi vibaya, ni zana nzuri na nazitumia. Lakini Septemba 2022 Adobe ilitangaza kuinunua Figma kwa dola bilioni 20, na dizaina wa dunia nzima wakakaa roho juu mpaka Desemba 2023 dili lilipovunjika kwa sababu ya wakaguzi wa ushindani wa Ulaya na Uingereza. Miezi kumi na tano mnangoja kusikia sebule itakuwa ya nani!

Bure ya kupewa ni kama GIMP ya kuhariri picha, au Inkscape ya kuchora nembo. GIMP ilianzishwa miaka ya 1990 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Inkscape ipo tangu 2003. Zote zina leseni ya GPL. Maana yake kwa lugha ya kijiweni: nakala uliyonayo itumie utakavyo, ifungue uone ilivyoundwa, mgawie jirani, na waliotengeneza wakibadili mawazo kesho hawawezi kukurudia kudai nakala ya jana.

Wakubwa waliokuwa kwenye fani miaka ya 2000 watanielewa haraka. Dreamweaver, Fireworks na Flash zilikuwa mali ya Macromedia. Mwaka 2005 Adobe ikainunua kampuni nzima kwa dola kama bilioni 3.4. Mei 2013 Adobe ikatangaza kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena ya kukaa nayo moja kwa moja. CS6 ya 2012 ikawa ya mwisho, kuanzia hapo ni kulipa kila mwezi, na Fireworks ikaachwa isiendelezwe. Flash nayo ikafungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ukijaribu kufungua kitu cha Flash kinakataa. Kuna watu walijifunza Flash miaka mitano. Ujuzi ule leo ni kama noti iliyoondolewa kwenye mzunguko.

Najua kuna anayecheka hapo: "Sisi tunatumia ya krak." Haya. Krak nayo ina mwenye funguo, tofauti ni kwamba humjui. Aliyevunja kufuli ya Photoshop akakupa bure, unadhani anakula nini? Mara nyingi faili lile linakuja na mpelelezi wa nywila ndani yake, na wewe unakwenda kuingiza nywila ya tovuti ya mteja kwenye mashine hiyohiyo. Kwa mtu wa mtaji mdogo, jina likishaharibika kwa mteja mmoja habari inafika stendi kabla yako.

Mfano mkali kuliko yote kwangu ni anuani za bure. Wengi wetu tovuti ya kwanza tuliiweka kwenye .tk, .ml, .ga, .cf au .gq, kwa sababu kampuni ya Freenom ilikuwa inazitoa bila malipo. Zile ni herufi za nchi: Tokelau, Mali, Gabon, Afrika ya Kati, Guinea ya Ikweta. Matapeli wakazipenda mno, Meta wenye Facebook wakaipeleka Freenom mahakamani, na Januari 2023 milango ya kujisajili ikafungwa. Katikati ya mwaka huohuo Gabon ikachukua herufi zake, na anuani za .ga kwa mamilioni zikafutwa. Februari 2024 Freenom ikatangaza kuacha kabisa biashara hiyo. Kama uliandika anuani hiyo kwenye kadi ya biashara ya mteja, kadi zote zikawa takataka. Anuani ya kulipia kwa mwaka, .co.tz au .com, kwangu ni gharama ya kwanza kabla hata ya soda.

Picha nazo ziangalie. Unsplash ilianza 2013 na ilikuwa inatoa picha kwa leseni ya CC0, yaani mpiga picha ameachia kila haki. Mwaka 2017 wakaweka leseni yao wenyewe yenye masharti kidogo, na 2021 ikanunuliwa na Getty Images. Picha ulizochukua zikiwa CC0 zinabaki CC0, lakini utathibitisha vipi? Ndiyo maana kila ninapopakua picha napiga pia picha ya ukurasa wa leseni, tarehe ikionekana, naviweka folda moja. Ni kazi ya sekunde kumi.

Hata bure ya kupewa ina mlango, tusidanganyane. WordPress ni GPL na inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Septemba 2024 Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wake, aligombana na kampuni ya WP Engine, na tovuti za wateja wa kampuni hiyo zikazuiwa kuchukua masasisho kutoka WordPress.org. Watu ambao hawakuwahi kumsikia huyo bwana wakakuta tovuti zao katikati ya ugomvi wa matajiri. Desemba mahakama ya Marekani ikaamuru mlango ufunguliwe. Somo nililochukua ni dogo: programu yenyewe hakuna aliyeweza kuwanyang'anya, kilichofungwa ni bomba la masasisho. Mwenye nakala ya kila kiongezi alichokitumia angeweza kuvizia siku chache bila presha.

Basi, hivi ndivyo ilivyo flashi yangu, maana wengi wenu mko kafe na hamna kompyuta zenu. Ingia PortableApps.com, chukua matoleo ambayo hayahitaji kusakinishwa, yanakaa ndani ya flashi na kufunguka humohumo: Notepad++ ya kuandika HTML na CSS, GIMP, Inkscape, Firefox, FileZilla ya kupandisha mafaili, na KeePass ya kutunza nywila. Ongeza XAMPP, inageuza kompyuta uliyokalia kuwa seva, hivyo WordPress nzima unaijenga na kuijaribu bila kutumia bando hata moja. Flashi ya GB 32 inatosha na kubaki. Kafe nyingine zimezuia programu za flashi, muombe kaka wa kaunta mapema kabla hujalipa saa. Na kafe nyingine mashine ikizimwa inafuta kila kitu na kurudi ilivyokuwa asubuhi, kwa hiyo usihifadhi kazi kwenye desktop hata kwa dakika tano, umeme hauna adabu.

Kuhusu kujifunza, hapa ndipo wengi wanateketeza hela. Zeal ni programu ya bure inayobeba vitabu vya maelekezo vya HTML, CSS, JavaScript na PHP, unavisoma bila mtandao. Kiwix inabeba Wikipedia na majibu ya Stack Overflow kwa namna hiyohiyo, ila hayo ni mafaili mazito, tafuta mwenye intaneti ya ofisini akushushie usiku. Fonti za Google usizivute kutoka kwao kila ukurasa unapofunguka, zipakue uweke kwenye seva ya mteja, leseni zake zinaruhusu. Mwenye mteja Mjerumani azingatie: Januari 2022 mahakama ya Munich ilimtoza mwenye tovuti euro 100 kwa sababu fonti za Google zilipeleka anuani ya IP ya msomaji Marekani bila ridhaa yake.

Nywila za mteja kwenye kompyuta ya kafe ni hatari, na KeePass haiwezi kukukinga na mashine inayorekodi kila herufi unayobonyeza. Ninachofanya: natengeneza akaunti ya FTP ya kazi hiyo tu, yenye ruhusa ya folda moja, nikimaliza nabadili nywila yake kwa simu yangu kabla sijatoka mlangoni.

Jambo moja la mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na kompyuta nyingi za mitumba haziwezi kupokea Windows 11. Wenye kafe watafanya nini sijui, lakini wewe unayetaka kununua laptop ya mtumba, usiiogope Linux Mint. GIMP na Inkscape humo ziko nyumbani.

Halafu tujitazame na sisi. Hapa Moshi kuna mwongoza watalii ninayemfahamu, tovuti yake ilipotea katikati ya msimu wa kupanda mlima. Aliyemtengenezea alikuwa amesajili anuani kwa jina lake mwenyewe, akahama mji, namba haipatikani, muda wa anuani ukaisha. Mzee wa watu amelipa kila kitu na hana hata nywila moja. Tunawalalamikia Adobe na Freenom, huku kijiweni kuna wanaoshikilia funguo za mteja makusudi ili arudi kila mwaka. Huo ni unyang'anyi, na ndio unaofanya wenye biashara waseme bora ukurasa wa Facebook. Sajili kwa jina na barua pepe ya mteja. Mkabidhi flashi yenye tovuti nzima na database yake. Atarudi kwa sababu unajua kazi.

Kinachobaki ni pesa, na hapa flashi haisaidii. Wakenya tangu 2018 wanahamisha pesa kati ya PayPal na M-Pesa. Huku kwetu kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania ilikuwa ya kutuma tu, siyo kupokea, na vijana wamekuwa wakitumia akaunti za binamu walioko Nairobi. Binamu akiamka vibaya, mshiko umekwenda. Upwork nayo tangu 2019 inauza tiketi za kuombea kazi, unalipia hata kabla hujapata kazi. Wengi wamekimbilia Payoneer kisha benki, na makato yanapigwa kila kituo. Tigo na Voda walitufundisha kutuma hela kijijini kwa sekunde, lakini hela ya mteja wa Hamburg bado inazunguka dunia kabla haijafika Majengo.

Kwa hiyo wadau, wenye uzoefu waandike hapo chini: unapokeaje malipo ya nje, makato ni kiasi gani, na imewahi kukwama siku ngapi? Tajeni na mwaka, maana masharti yanabadilika. Nitazikusanya zote niziweke kwenye faili moja la kupakua, lisilozidi MB moja.