Wazazi wa Karatu na Ngorongoro, Msifundishe Peke Yenu

 Katika wilaya zetu mbili, Karatu na Ngorongoro, wapo watoto wanaojifunzia nyumbani, au chini ya mti karibu na nyumbani. Wazazi wao hawaidharau shule, ila shule iko mbali nao. Kazi wanayoifanya ni kubwa, lakini kila mmoja anaifanya peke yake, na kwa hiyo haijulikani, haisaidiwi wala haitetewi. Nasema wazazi hawa waunde umoja wao, wenye katiba na usajili, wa kuwasaidia kufundisha na wa kuwasemea mbele ya serikali.

Tuitazame sheria kwanza, maana wengi wanaiogopa bila kuijua. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule ya msingi, na mzazi anayemzuia ana kosa. Sera mpya ya elimu, aliyoizindua Rais Samia Suluhu Hassan Dodoma mwaka 2025, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Siipingi sheria hiyo hata kidogo. Ilitoka katika nia njema ya Azimio la Musoma la 1974, kwamba mtoto wa mfugaji, wa mkulima na wa Mhadzabe wote wasome. Tatizo ni pale mtendaji wa kijiji anapofika bomani na kumkuta mama mmoja na daftari moja. Mama huyo atajieleza vipi? Nani atathibitisha kwamba mtoto wake anajua kusoma, kuandika na kuhesabu? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tazameni wenzetu. Marekani, wazazi waliofundisha watoto wao nyumbani walikuwa wakishtakiwa katika majimbo kadhaa. Mwaka 1983 wakaanzisha chama cha kuwatetea kisheria, HSLDA, ambacho kila familia mwanachama hukichangia ili mmoja wao akiitwa mahakamani asiende bila wakili. Ilipofika mwaka 1993, elimu ya nyumbani ilikuwa imekubalika kisheria katika majimbo yote 50. Jirani zetu wa Kenya mambo hayajawanyookea hivyo. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya 2013 imelazimisha mahudhurio ya shule, na wazazi waliokwenda Mahakama Kuu mwaka 2019 kuomba elimu ya nyumbani itambuliwe hawakupata walichoomba. Lakini nchi nzima ilisikia hoja yao, kwa sababu familia hizo zilikuwa zimekwisha kukusanyika na kujuana. Mtu aliyeshindwa akiwa na wenzake bado ana kesho ya kurudi barazani.

Sasa turudi kwetu. Anayedhani mtoto wa Ngorongoro hukosa shule kwa uvivu wa mzazi na akumbuke Agosti 2021. Watoto wanne walikuwa wametoka shule, wakaenda porini kutafuta ng'ombe waliopotea. Simba wakawaua watatu, wenye umri wa miaka tisa hadi kumi na mmoja, na wa nne akajeruhiwa. Hao walikuwa wanafunzi, walisoma asubuhi na kuchunga jioni. Mzazi wa Kakesio au Naiyobi anayesita kumtuma mtoto wa miaka saba peke yake kwenye njia ya nyati na tembo anafanya wajibu wake. Kumwita mjinga ni kumwonea.

Dawa ya hali hiyo tunayo, nayo ni shule shikizi. Wazazi wa kitongoji wanapata mahali, wanamtafuta kijana aliyemaliza kidato cha nne, wanamlipa kwa michango yao, naye anawafundisha wadogo mpaka wapate nguvu ya kutembea hadi shule mama. Serikali yenyewe imeikubali njia hii. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchini, na 3,000 kati yake yalikuwa ya vituo shikizi. Lakini ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro huwezi kupitisha saruji na mabati langoni ukajenge unapotaka. Kila jengo lina kibali chake, na kibali kinaombwa kwa Mamlaka ya Hifadhi. Baba mmoja akienda kukiomba atazungushwa. Umoja wenye barua, muhuri na orodha ya watoto kwa majina na umri utasikilizwa, na ukikataliwa utapewa jibu la maandishi la kukatia rufaa.

Tena tusisahau mwaka 2020. Shule zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19 tarehe 17 Machi, wanafunzi wa msingi wakarudi darasani tarehe 29 Juni. Taasisi ya Elimu Tanzania ilitoa masomo kwa redio na televisheni. Karatu watalii walikoma, na waongozaji, wapishi na madereva wakabaki nyumbani bila mshahara. Kwa zaidi ya miezi mitatu kila nyumba ikawa darasa. Aliyekuwa na redio na mama anayejua kusoma alisonga mbele, aliyekosa vyote viwili alirudi nyuma. Ujuzi ule ulipatikana kwa shida, na hakukuwa na chombo cha wazazi cha kuukusanya na kuugawa.

Msiniambie kwamba sisi hatuwezi vyama. Pastoral Women's Council ya akina mama wafugaji imekuwako Ngorongoro tangu 1997. Imesomesha mabinti wa Kimaasai, na imefungua majukwaa ambako mwanamke anasimama mbele ya malaigwanani, viongozi wa mila, na kudai haki ya bintiye. Baraza la Wafugaji la Ngorongoro limewahi kulipia karo za wanafunzi wengi. Kinachotakiwa ni vyombo kama hivi viongeze dawati moja: la mzazi anayefundisha mwenyewe. Dawati hilo limpe vitabu vya darasa la kwanza na la pili, limtafutie mwalimu wa kumpima mtoto kila muhula, na limwelekeze milango iliyo wazi. MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ipo kwa mtoto aliyepitwa na umri. Mtihani wa Maarifa upo kwa anayetaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wazazi wangapi wa Mang'ola wanalijua hilo?

Yapo maneno ya wanaotupinga, na nayaheshimu. Wanasema elimu ya nyumbani itakuwa kichaka cha kumfichia mtoto anayevuna vitunguu Mang'ola kwa ujira, au binti aliyekwisha kutolewa mahari. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kutaka umoja. Mzazi mmoja aliyejifungia hakaguliwi na mtu, mwanachama anakaguliwa na wenzake. Basi katiba ya umoja iandike wazi kwamba mtoto asiyefundishwa atapelekwa shule, na kwamba mzazi anayemwoza binti wa shule atafukuzwa na kushtakiwa. Bila kifungu hicho mimi mwenyewe nisingeuunga mkono.

Kwa hiyo nawasihi. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, iwe Endulen, Nainokanoka, Rhotia au Endabash, inukeni mseme mnaofundisha ni kina nani na watoto wenu ni wangapi. Andikeni majina. Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na katibu awe mama. Kisha nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya mkaombe usajili, na siku hiyo hiyo mpelekeeni afisa elimu nakala ya orodha yenu.