Mageuzi Yasikome Langoni mwa Kazi



Kifungu 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa mwezi wa Desemba mwaka 1991, wananchi walirudishiwa haki ya kuchagua chama wakitakacho. Haki hiyo ni kubwa, na wako walioilipia kwa kuwekwa kizuizini. Lakini raia hupiga kura siku moja katika miaka 5, ilhali kazini huenda kila kunapokucha. Ikiwa siku ya uchaguzi ni mtu huru, na kesho yake anaambiwa kwamba nafasi aliyoisomea ina wenyewe, je, tutasema mageuzi yamemfikia? Sisi tunasema bado hayajamfikia, na wajibu wa kuyafikisha hauwaelemei wabunge peke yao.

Ubaguzi wa kazini haukuanza jana. Chini ya serikali ya kikoloni mishahara ya watumishi wa umma ilipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Mwanamume Mwafrika alivishwa kipande, na ndani yake mwajiri akaandika mshahara aliomlipa, hata ikawa vigumu kwa mtu huyo kudai zaidi kwa mwajiri mwingine. Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922, kipande na kupunguzwa kwa mishahara vilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga. Mkoloni alibagua kwa maandishi. Waliorithi ofisi zake wamejifunza kubagua bila kuandika lolote: kwa simu ya faraghani, kwa mnong'ono, kwa swali lile la "jina lako la pili ni nani?"

Sheria haijanyamaza. Katiba ya zamani haikulitaja suala la jinsia katika maana ya ubaguzi hadi iliporekebishwa mwaka 1997. Sheria ya Ajira ya mwaka 1976 ilimpa mama mzazi likizo ya miezi 2, kisha ikampokonya likizo yake ya mwaka huo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ikampa miezi 3 yenye mshahara kamili, bila kumnyang'anya likizo nyingine. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya kabila, rangi, jinsia, lugha, dini, ulemavu, ujauzito, virusi vya Ukimwi, na hata maoni yake ya kisiasa. Kinaamuru pia kwamba kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inasema kwamba shirika la umma lisiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Na kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamkataza kubagua kila mtu, si Serikali tu.

Kwa nini basi ubaguzi ungali hai? Kwa sababu hauletwi na tajiri peke yake. Karani hulificha tangazo la kazi mpaka binamu yake awasili kutoka nyumbani. Nyapara huwapa watu wa kwao sehemu nyepesi ya shamba. Wenzetu hubadilisha lugha pindi asiyeielewa anapoingia chumbani, ilhali Kiswahili wanakijua. Mama hurudi kutoka likizo ya uzazi akakuta meza yake imepewa mwingine, na waliokaa naye miaka mingi wakainamia kazi zao kana kwamba hawaoni. Anayetendewa hivyo leo hufarijiwa pembeni. Mbele ya mkubwa haungwi mkono na yeyote. Kimya hicho ndicho kinachomlinda mbaguzi kuliko wakili yeyote atakayemwajiri.

Wala tusiinyoshee Serikali kidole huku nyumba zetu zimechafuka. Kanisa ni mwajiri: lina shule, hospitali na mashamba. Mwaka 2013 mahakama yetu ya kazi ilitoa hukumu dhidi ya chuo kikuu kimoja cha Kanisa kwa kumbagua mfanyakazi aliyekuwa na virusi vya Ukimwi, na ikaamuru alipwe fidia ya mamilioni ya shilingi. Mtume Yakobo aliwaonya waumini wasimpe tajiri kiti cha heshima na kumsimamisha maskini pembeni. Onyo hilo linahusu pia ofisi ya parokia, na bawabu na yaya tuliowaandika sisi wenyewe.

Tufanyeje? Ikiwa ubaguzi hujificha katika yasiyoandikwa, dawa ya kwanza ni kuandika. Kila nafasi itangazwe hadharani, hata kwenye mbao za matangazo za makanisa ya madhehebu yote, na sifa zitakiwazo zitajwe kabla ya majina kujulikana. Aliyekataliwa apewe sababu kwa barua. Ajira ya miezi 3 au zaidi sheria inataka iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Asiwepo mtu anayebaki kibarua mwaka hadi mwaka huku mwenzake wa kazi ile ile ana barua ya ajira.

Mfanyakazi naye aweke kumbukumbu: tarehe, maneno yaliyosemwa, waliokuwapo, hati za mshahara. Mbele ya mahakama, mwajiri ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua; lakini mlalamishi ni lazima kwanza aonyeshe msingi wa malalamiko yake, na asikawie, kwa maana madai ya ajira yana kikomo cha miaka 3. Aelewe pia kwamba kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kufutwa kazi.

Lakini daftari la mtu mmoja halitoshi bila shahidi. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vyama vya wafanyakazi, kamati za haki na amani na jumuiya ndogo ndogo wawafundishe watu wetu kushuhudia, hasa kwa ajili ya mtu asiye wa kabila lao. Mluo akimtetea Mkikuyu, Mkristo akamtetea Mwislamu, mwanamume akamtetea mama mjamzito, mbaguzi hana tena kundi la kujifichia. Watu waliothubutu kudai vyama vingi wakati kudai kulikuwa hatari wasishindwe leo kutoa ushahidi ambao sheria yenyewe inawaomba.