Kifafa hakitibiwi kwa tembe pekee

Wiki hii ninakupeleka Mahenge, milimani kusini mwa Tanzania. Huko ndiko Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alikofungua kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Aliwakuta wagonjwa wametengwa. Watu waliogopa mate na povu la mgonjwa wakiamini kwamba yanaambukiza. Je, mtoto akiangukia mekoni, nani angethubutu kumgusa? Dawa alikuwa nayo, fenobabitoni, tembe isiyo ghali. Lakini tembe itamfaa nini mtu ambaye jamaa zake humwekea sahani yake kando? Daktari huyu hakuzidharau imani za Wapogoro. Alizisikiliza, akaziandika, na hata alipohamia Kanada na kuwa mtaalamu wa magonjwa ya akili aliendelea kurudi Mahenge.

Baadaye watafiti walihusisha wingi wa kifafa huko na minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi, minyoo ile ile inayopofusha macho. Kwa hivyo hapo kumtibu mgonjwa ni pamoja na kuutazama mto.

Nawe wa mjini usidhani hayo ni mambo ya mashambani tu. Kifafa chaweza kuletwa na uzazi mgumu, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyomezwa kwa uchafu wa mikono na chakula. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Daktari mzuri hatazami ubongo tu. Atakuuliza mtoto alizaliwa vipi, analala saa ngapi, na ni nani anayemkumbusha dawa. Mwanafunzi mwenye kifafa anayekesha akisomea mtihani anajitafutia balaa, maana kukosa usingizi huamsha ugonjwa. Kadhalika kuiacha dawa ghafla kwa sababu eti amepona. (Wazazi wengine huikatiza kwa kuona haya, jirani asijue!) Naye mwanamke anayetaka kupata mtoto amwone daktari kwanza, kwani dawa nyingine, hasa valproeti, zaweza kumdhuru aliye tumboni.

Shirika la Afya Duniani husema kwamba wagonjwa hadi 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Na mtu akishikwa mbele yako, iwe nyumbani au kwenye matatu? Ondoa vitu vya kumwumiza, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlegezee tai au kola. Usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Akitulia, mlaze kwa ubavu. Tazama saa: zikipita dakika 5 kabla hajatulia, au akishikwa tena bila kuzinduka, mkimbize hospitalini.