Sherehe ya mtaa isiyo na kadi ya mchango

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, majirani hukutana kwa uhakika kwa jambo moja tu: msiba. Turubai linafungwa, viti vinakodiwa, daftari la rambirambi linapita nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo unapojua kwamba mpangaji wa nyumba ya tatu ana watoto wanne, na kwamba marehemu aliishi na kisukari miaka mingi. Wiki hii nataka kuwashawishi wazazi na wagonjwa wangu mkutane mapema, mkiwa wazima. Fanyeni sherehe ya mtaa, na muifanye kwa bei ndogo kabisa.

Wapo watakaouliza daktari ameingiaje kwenye mambo ya pilau. Ameingia kwa sababu ya anayoyaona kazini. Mama analeta mtoto wa miaka miwili aliyepata degedege asubuhi, naye anafika kwetu jua linazama. Ukimuuliza, anakwambia hakuwa na wa kumwachia kichanga, akaamua kumsubiri baba yao arudi. Mlango wa pili kutoka kwake anakaa mwenye bajaji. Mama mwenyewe ndiye anayekusimulia hilo, na anaongeza kwamba aliona haya kumgongea mtu asiyemjua hata jina. Malaria kali haijui haya. Saa zile zilizopotea ndizo tunazozitafuta wodini usiku kucha.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2010, mtafiti wa Marekani Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 300,000. Walikuta kwamba wenye mahusiano mazuri na watu wanaowazunguka walikuwa na uwezekano wa kubaki hai mkubwa zaidi kwa asilimia 50 kuliko wale wasio nayo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke. Hakuna anayesema pilau inatibu presha, dawa zako endelea kumeza. Lakini mgonjwa anayeulizwa na jirani "mbona leo sijakuona?" ana ulinzi ambao siwezi kumwandikia kwenye cheti.

Sasa fedha. Kinachoua sherehe za mtaani ni kamati. Kamati ikishakaa mara mbili, mmoja anataka mshereheshaji, mwingine fulana za sare, wa tatu keki ya ghorofa, na mwisho wa mwezi kadi za mchango zinatoka, za mtu mmoja na za wawili. Kuanzia hapo wanaohitaji majirani kuliko wote wamejifungia ndani: bibi anayelea wajukuu, mstaafu, mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, mpangaji aliyehamia juzi. Hawatasema hawana. Watasema wanasafiri. Ndiyo maana naona unafuu wa bei ni sharti la kwanza la sherehe hii, hata pale mtaa unapokuwa na wenye uwezo.

Kila nyumba ilete sufuria ya kile ambacho ingepika siku hiyo, pamoja na sahani zake, vikombe vyake, mkeka na viti vyake. Nyumba 20 zikitoa Sh2,000 kila moja ni Sh40,000, mnapata mkaa, sabuni na matikiti maji ya watoto. Asiye nayo achote maji au asimamie michezo ya watoto, na jina lake lisisomwe popote. Spika moja ya mtu wa mtaani inatosha. Anzeni saa tisa alasiri, malizeni saa kumi na mbili jioni. Hapo hamkodi taa wala jenereta, na watoto wanalala mapema. Pombe iacheni, kwanza ni ghali, na itawafukuza nusu ya majirani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa apewe taarifa mapema, na hata mkikaa barabarani acheni njia ya gari kupita. Mjamzito hachagui siku ya uchungu.

Kwenye chakula nitakuwa mkali. Sherehe nyingi huharibikia kwenye wali. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukipikwa alfajiri ukakaa vuguvugu kwenye hotipoti hadi alasiri, mbegu zile huamka, huzaliana na kutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha tena. Kwa hiyo wali upikwe mchana uleule, ukae jikoni ukifuka moshi hadi unapopakuliwa. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kiwe cha nyama au maharage. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, kwa visu ambavyo havijagusa nyama mbichi, na nyanya zioshwe kwa maji safi. Wekeni ndoo yenye koki au kibuyu chirizi na sabuni mahali watoto wanapopita, si nyuma ya nyumba.

Soda nazo si lazima. Chupa moja ina sukari ya karibu vijiko vinane vya chai, na ndiyo inayokula bajeti. Maji yaliyochemshwa yakapozwa, na ukwaju au mabungo yenye sukari kidogo, vinatosha. Mwenye kisukari asitengewe sahani yake pembeni kama mtoto aliyekosa. Mboga zikiwa nyingi mezani, atajipakulia mwenyewe.

Majiko yawe upande mmoja, na mtu mzima mmoja awe na kazi hiyo tu ya kuzuia watoto wasisogee. Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, yai na mafuta viacheni. Karanga na pipi ngumu wasipewe walio chini ya miaka mitano.

Huwa naombwa nije na mashine ya presha kwenye mikusanyiko kama hii. Nakataa. Sherehe ikigeuka kliniki, wanaume wanaondoka kabla ya pilau. Siku ya kupima ipangwe siku yake, na wataijia wengi zaidi wakishazoeana.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni umbea: ukizoeana na watu watajua mambo yako. Ni kweli watajua baadhi, na anayeogopa hilo simlaumu, hasa mwenye ugonjwa unaonyanyapaliwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kusimama na kujieleza. Kinachotakiwa siku hiyo ni daftari moja la mjumbe lenye majina, namba za simu, nani ana bajaji au gari, nani huwa nyumbani mchana. Kwenye ukurasa wa kwanza andikeni 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, inayomtafutia usafiri wa dharura mjamzito, mzazi aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga. Magonjwa ya watu yasiandikwe humo hata kidogo. Mama wa mtoto mwenye selimundu atamwambia mwenyewe jirani aliyemzoea kwamba mwanawe akianza kulia mifupa na mwili ukawa wa moto, hiyo ni safari ya hospitali, hata kama ni saa nane usiku.