Kabla ya Kununua Pikapu, Uliza Kebini

Kila msimu wa marejesho ya kodi ukifika, baraza zetu hapa Dallas na Fort Worth hujaa habari za pikapu. Nani kapata F-150 mnadani, nani anauza Silverado apande Ram, na Tundra kuukuu bado inashika bei gani. Si mazungumzo ya bure. Wengi wetu tunakula kwa magari haya: kukata majani, kuhamisha watu, kuvuta trela, kubeba vifaa vya ufundi. Na Jumapili gari lilelile ndilo linalopeleka watoto kanisani au kwa shangazi yao. Bei tunaijua, mafuta tunayapigia hesabu, nguvu ya kuvuta tunaisifu. Kitakachowapata waliomo ndani siku likigongwa hatukiulizi.

Hatuulizi kwa sababu tumejiaminisha kuwa chuma kikubwa hakishindwi. Kweli, zito likikutana na jepesi, jepesi ndilo huumia zaidi. Lakini nguzo ya daraja haisogei kwa ajili ya mtu, na gari likibiringika uzito wake humrudia aliyemo. Taasisi ya bima inayochunguza usalama wa barabara kuu, IIHS, ilionyesha mwaka 2025 kwamba gari likishazidi uzito wa wastani wa magari mengine, kila ratili inayoongezwa humlinda dereva wake kidogo sana, huku ikizidi kuwa hatari kwa wanaogongwa naye.

IIHS hugonga magari katika kituo chake kule Ruckersville, Virginia. Mwaka 2001 waligonga pikapu kubwa nne, kila moja ikiwa katika mwendo wa maili 40 kwa saa. Toyota Tundra ilipata alama ya juu, Chevrolet Silverado ikapata hafifu, na Dodge Ram na Ford F-150 zikapewa alama ya mwisho kabisa. Kebini ya F-150 ilikunjamana mpaka mahali pa miguu ya dereva pakakosekana. F-150 wakati huo ndiyo iliyoongoza kwa mauzo nchini. Ford waliisuka upya kwa mwaka 2004, na jaribio lilelile likaipa alama ya juu. Kwa hiyo mtu akikwambia "F-150 ni salama" au "F-150 ni jeneza", mwulize kwanza ni ya mwaka gani.

Kisha mwulize kebini. Hili ndilo tunalotaka lisomwe mara mbili. Tangu 2012 taasisi hiyo ina jaribio kali zaidi, ambamo robo tu ya upana wa mbele, upande wa dereva, ndiyo inayogonga kizuizi. Hapo chuma kinene cha chasisi hukwepwa, na nguvu yote huishia kwenye tairi. Tairi linarudi nyuma na kuusukuma ukuta wa kebini kwenye miguu ya mtu. Mwaka 2015 F-150 mpya yenye bodi ya alumini ilipita jaribio hilo vizuri ikiwa dabo kebini. Ile ya kebini fupi, yenye vimilango vidogo vya nyuma, ilipata hafifu. Jina lilikuwa moja na mwaka mmoja, lakini Ford walikuwa wameongeza vyuma vya kulizuia tairi kwenye dabo kebini peke yake. Baada ya matokeo hayo, mwaka uliofuata waliviweka kwenye zote. Vyuma hivyo havionekani kwa macho, na muuzaji hatakutajia.

Nyota za serikali, zinazotolewa na NHTSA, zina mtego wake. Jaribio lake la mbele hugonga gari kwenye ukuta usiosogea, kwa hiyo nyota za hapo hulinganishwa tu kati ya magari yanayokaribiana uzito, tofauti isizidi ratili 250. Nyota tano za gari dogo si nyota tano za pikapu. Linganisha pikapu na pikapu mwenzake.

Kiti cha nyuma nacho kina maneno. Mbele, mkanda hujikaza papo hapo gari linapogonga, kisha hulegea kidogo ili usivunje mbavu. Nyuma, magari mengi hayana teknolojia hiyo. Mwaka 2022 IIHS walianza kumketisha nyuma ya dereva mdoli mwenye umbo la mwanamke mdogo au mtoto wa miaka 12, na walipozijaribu pikapu ndogo za dabo kebini mwaka uliofuata, hakuna hata moja iliyopata alama ya juu. Hii isimfanye mzazi amhamishie mtoto mbele. Walio chini ya miaka 13 mahali pao ni nyuma bado. Ila kwa mnunuzi mwenye watoto, alama ya kiti cha nyuma ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Akina mama na akina baba, tazameni pia mkanda wa juu wa kiti cha mtoto. Katika pikapu nyingi, nyuma ya egemeo kuna kitanzi cha kitambaa. Mkanda hupitishwa kwenye kitanzi hicho, halafu ndoano yake hufungwa kwenye kitanzi cha kiti cha jirani. Wengi huuacha unaning'inia kwa kutojua. Kitabu cha gari kina mchoro wake.

Kuna na watoto walio nje. Boneti za pikapu kubwa za leo nyingi zinapita inchi 40 kutoka ardhini, karibu kimo cha mtoto wa miaka mitano. Utafiti wa IIHS wa 2023 uliona kwamba magari yenye boneti za juu kiasi hicho, yakigonga mtu wa miguu, uwezekano wa kumuua ni mkubwa kwa takriban asilimia 45 kuliko magari yenye boneti ya chini iliyoinama. Kamera ya nyuma ni lazima kwa magari mapya tangu Mei 2018, ya mbele hakuna sheria inayoidai. Katika maegesho ya apatimenti zetu, watoto wanakocheza mpira jioni, dereva atembee mbele ya gari lake kabla ya kuliwasha.

Mwisho, wanunuzi wa magari makuukuu. Mifuko ya hewa ya Takata huharibiwa na joto na unyevu wa miaka mingi, na Texas inavyo vyote viwili. Ikilipuka vibaya hurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Wenye Dodge Ram 1500 za 2003 na baadhi ya Ford Ranger za 2006 waliambiwa na watengenezaji wasiziendeshe kabisa mpaka zirekebishwe. Matengenezo ni bure kwa dila, lakini sheria ya taifa haimzuii muuza magari yaliyotumika kukuuzia gari ambalo halijarekebishwa. Namba ya VIN yenye herufi na tarakimu 17 iko chini ya kioo cha mbele, kona ya dereva. Iingize kwenye tovuti ya NHTSA kabla hujatoa hata dola ya arubuni.

Tunaiomba kamati ya jumuiya itenge Jumamosi moja kabla ya shule kufungwa, vijana wenye simu wazikague VIN za kila gari litakalokuja, na aitwe fundi mwenye cheti cha viti vya watoto. Atakayeweza kujitolea amwone katibu.