Joto la Prosesa ni Umeme Uliokwisha Kulipiwa

Safu ya kila wiki ya Amuri Salumu

Prosesa, yaani kile kipande cha silikoni kinachofanya mahesabu yote ya kompyuta, haisukumi kitu wala haiinui kitu, na kwa hiyo karibu umeme wote unaoingia ndani yake hutoka ukiwa joto. Katika miji yenye umeme wa uhakika jambo hilo hubaki somo la darasani, lakini Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, lina uzito wa pekee, kwa kuwa huku kompyuta ya mezani hutegemea zaidi paneli za jua, betri na jenereta, na mafuta ya jenereta hiyo hupita katika barabara ambazo mvua huzikatakata kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwenye mashine inayochemka ana hasara mbili kwa pamoja: joto linaloipunguzia kompyuta kasi, na umeme uliopatikana kwa taabu ukapotelea hewani. Ndiyo maana safu hii inashikilia kwamba kazi ya kwanza ya anayejiundia kompyuta nyumbani ni kupunguza joto linalozaliwa, na kwamba feni kubwa, ambayo ndiyo shauri linalotolewa haraka, ije baadaye.

Hesabu yenyewe si ngumu. Joto la prosesa ni joto la hewa iliyomo ndani ya kasha, likijumlishwa na ongezeko linalotegemea wati zinazotumika na uwezo wa kipozajoto, yaani lile pande la chuma lenye mapezi mengi membamba linalokaa juu ya prosesa chini ya feni. Ikichukuliwa kwamba kipozajoto cha kawaida huruhusu ongezeko la nusu nyuzi kwa kila wati, na kwamba hewa ndani ya kasha ina nyuzi 34, kama inavyoweza kuwa alasiri katika chumba cha mabati kisicho na dari, basi prosesa ya wati 65 itafika karibu nyuzi 66, ilhali ile ya wati 35 itasimama karibu na 51. Tofauti hiyo ya nyuzi 15 ni vigumu kuipata kwa feni yoyote ya bei nafuu. Tena, kama mashine inafanya kazi nzito kwa saa 4 kwa siku, tuseme kuunganisha video za harusi, wati 30 zilizookolewa ni wati-saa 120 kila siku, sawa na umeme wote wa betri ya volti 12 yenye ampea-saa 10, bila kuhesabu unaopotea katika inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani.

Watengenezaji wenyewe walilijua somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2004 kampuni ya Intel ilitoa kizazi cha Pentium 4 kilichopewa jina la Prescott, ambacho aina yake ya kasi zaidi ilihitaji wati 115, na kabla ya mwaka huo kwisha mpango wa kuifikisha gigahezi 4, yaani mapigo bilioni 4 kwa sekunde, ulikuwa umefutwa. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo, yenye mapigo machache zaidi kwa sekunde, ikafanya kazi kubwa zaidi kwa wati 65. Anayenunua vipuri vya okazi leo, yaani vilivyokwisha kutumika kwingine, anaweza kufaidi busara ileile kwa kusoma herufi iliyo mwishoni mwa namba ya prosesa. Core i5-6500 ya mwaka 2015 imepangiwa wati 65, na ndugu yake i5-6500T, yenye viini vinne vilevile lakini mwendo wa chini kidogo, imepangiwa wati 35. Kwa kuandika barua, kuchapisha mitihani ya shule na kutunza hesabu za duka, mtumiaji hataona tofauti ya kumkera, ila betri itaiona.

Aliye na mashine tayari naye ana njia. Umeme unaotumiwa na prosesa hufuata mapigo yake, lakini hufuata zaidi volti zake, kwa kuwa volti huzidishwa kwa zenyewe: zikipunguzwa kwa asilimia 10, matumizi yanayotokana na mapigo hushuka hadi asilimia 81. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kukishusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99 huzima, katika prosesa nyingi, ule mwendo wa ziada unaojiwasha wenyewe kazi inapozidi, na mwendo huo ndio unaokula wati nyingi kwa faida ndogo. Baadhi ya ubao mama, yaani ubao mkuu unaobeba vipande vyote, huruhusu pia volti zishushwe katika bayosi, programu ya kwanza kuamka mashine inapowashwa, ingawa kazi hiyo inataka subira: hupunguzwa kidogo kidogo, na kila hatua hujaribiwa kwa kazi nzito kabla ya kwenda mbele.

Baada ya hapo ndipo mkono wa fundi unapopimwa. Kati ya prosesa na kipozajoto hupakwa uji mzito wa kijivu, pasta ya joto, ambao kazi yake ni kuziba mianya midogo isiyoonekana kwa macho, kwa sababu hewa iliyonaswa humo hupitisha joto vibaya mno ikilinganishwa na shaba. Tone la ukubwa wa punje ya mchele linatosha, na kuzidisha unene wake ni kuzuia joto badala ya kulipitisha. Pasta ya zamani iliyokauka na kupasuka husuguliwa kwanza kwa alkoholi ya duka la dawa. Ushauri wa kutumia dawa ya meno badala ya pasta wafaa kukataliwa waziwazi: dawa hiyo hupoza vizuri kwa saa chache, kisha maji yake hukauka, ikabaki chokaa. Vilevile vipozajoto vya Intel vyenye miguu minne ya plastiki hudanganya macho. Mguu mmoja usipobofya mpaka mlio wake usikike, kipozajoto hukaa upande, na prosesa huchemka juu ya kazi iliyoonekana kamili. Miguu hiyo hubanwa kwa kukingamana, wa kona moja kisha wa kona inayoielekea.

Desturi ya kuliacha kasha wazi ubavuni na kulielekezea feni ya mezani inaeleweka, lakini ina madhara, hasa Juni hadi Agosti, wakati vumbi jekundu la barabara linapoingia kila nyumba na kujaza mapezi ya kipozajoto hadi hewa isipite. Kasha lililofungwa, lenye feni moja ya mbele inayoingiza hewa kupitia kitambaa chembamba na nyingine ya nyuma inayoitoa, hudumu safi kwa muda mrefu zaidi, mradi kitambaa kifuliwe mara kwa mara.

Yafaa ieleweke pia kwamba prosesa hujilinda yenyewe, kwa kupunguza mwendo inapokaribia nyuzi 100 au hata kuzima mashine, lakini majirani zake hawana ulinzi huo. Kapasita, vile vipande vya mviringo vinavyotunza umeme kwa muda mfupi kando ya prosesa, vikiwa vya aina yenye majimaji ndani hupoteza takriban nusu ya umri wao kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Vingine vidogo vimetengenezwa kwa tantali inayotokana na koltani, na lehemu inayovishika ubaoni ina bati kwa wingi, madini ambayo Maniema imeyatoa kwa miongo mingi kutoka Kalima, Punia na Kailo. Mkoa uliolisha viwanda vya dunia kwa jasho la wachimbaji wake unastahili kompyuta zisizokufa kabla ya wakati.

Vyuo na vituo vya Kasongo vinavyofundisha kompyuta vingefanya jema kuingiza hesabu hii ya wati na nyuzi katika somo la kwanza la kuunda mashine, pamoja na zoezi la kufungua kipozajoto na kukirudisha. Wanunuzi nao wadai kwa fundi jaribio moja kabla ya kutoa fedha: alasiri, kasha likiwa limefungwa, prosesa ishughulishwe kikamilifu kwa nusu saa huku programu ya kupima joto ikiwa wazi mbele yao, na iwapo nyuzi zitapita 85, kazi irudishwe mezani.