Umu ni wetu huku Garissa

Makala mazuri, ndugu mwandishi, ila umemaliza wino wote kwa mapenzi ya Mwangeka na Apondi, Umu ukampitia juu juu. Sisi tuliosomea Garissa, riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri, ilipokuwa kitabu cha KCSE, mapenzi hayo ya wakubwa hayakutushughulisha sana. Tulikuwa na Umu, yaani Umulkheri. Jina hilo kwetu ni la binamu, la jirani, la msichana wa dawati la mbele, na kila Sauna, kijakazi aliyewaiba Dick na Mwaliko, wadogo wa Umu, alipotajwa darasa zima lilinuna kana kwamba wadogo zetu ndio walioibwa.

Mwalimu alitufundisha kwamba Umu kukutana na Dick uwanja wa ndege, kisha Mwaliko hotelini, ni sadfa. Tukaandika hivyo, alama ni alama. Lakini wenzetu waliotoka kambi za wakimbizi za Dadaab hawakuicheka sadfa hiyo. Kambi zile zilianza 1991, na wangapi walipotezana njiani wakikimbia vita Somalia! Msalaba Mwekundu umekuwa na kazi ya kuwatafutia watu jamaa zao. Kwao Assumpta Matei hakutia chumvi, alifupisha tu kungoja.

Halafu unamwita Sauna shetani. Alidhulumiwa na baba wa kambo, mama akaficha aibu. Simsamehe kwa alichomtendea Dick, mtoto kutumwa kubeba dawa za kulevya! Lakini Naomi, mama yake Umu, aliyewapa wanawe mgongo mumewe Lunga alipoishiwa, wallahi huyo ndiye aliyenichoma zaidi. Na wewe hukumtaja hata mara moja.